Sifuri ya Shangazi

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa sekunde 19. Ulifika saa tatu kasoro usiku, nikiwa sebuleni najipongeza kwa kazi niliyoimaliza. Kwanza ilisikika redio ya jirani, kisha kikohozi, kisha sauti ya shangazi yangu wa Muheza, taratibu, kama anaongea chumba chenye mtu aliyelala: "Mwanangu, nimeonyeshwa hiyo orodha yenu. Mimi nimepata yai. Haya, ahsante."

Basi. Hakuna salamu, hakuna "wasalimie hapo".

Mliosoma shule zetu mnalijua yai. Ni ile sifuri ambayo mwalimu anaichora kwa wino mwekundu, kubwa, ya mviringo, ili hata aliyekaa dawati la nyuma aione. Shangazi ana miaka 61 na anauza machungwa kando ya barabara. Sifuri yake nilikuwa nimeichora mimi, mtoto wa kaka yake, kwenye jedwali lenye kichwa cha rangi ya kijani, mbele ya ukoo mzima. Tena haikuwa sifuri ya mtihani. Ilikuwa ni mchango wa matibabu ya mama yake mzazi.

Nivumilieni. Hapa tumezoea kujadili riwaya na mashairi, na leo nataka kuongelea fomula ya Excel. Lakini fomula nayo ni sentensi. Inasema jambo kuhusu mtu, na inaweza kumsingizia.

Ilikuwa hivi. Bibi aliteleza uani akavunjika nyonga. Daktari akasema anahitaji upasuaji. Familia ikafanya kile ambacho familia zetu zote zinafanya siku hizi: likafunguliwa kundi la WhatsApp, likapewa jina lenye neno "Tushikamane", baba mdogo akawa mwenyekiti, na namba yake ya simu ikawa ndiyo ya kupokea michango. Lengo lilikuwa shilingi 4,200,000. Mimi nikateuliwa mhazini bila kuulizwa. "Wewe si ndiyo mtu wa kompyuta," alisema baba mdogo, na kweli, nafanya kazi gazetini kwenye dawati la takwimu, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

Nilikuwa na faili mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya wanafamilia 63, kila mmoja na namba yake ya simu, iliyokusanywa na binamu zangu wawili kwa kuuliza huku na huku. Ya pili ilikuwa taarifa ya miamala kutoka kwenye simu ya baba mdogo: namba iliyotuma, tarehe, jina, kiasi. Kazi yangu ilikuwa kuzikutanisha, ili mbele ya kila jina kionekane kiasi alichotoa.

Kwa kazi hiyo kuna fomula inaitwa VLOOKUP, nayo ni mkongwe wa lahajedwali. Ni kama kumtuma kijana ghalani: unampa namba, unamwambia ashuke na safu ya kwanza ya taarifa ile mstari kwa mstari mpaka aikute namba ileile, halafu asogee kulia mpaka safu ya nne akuletee kilichoandikwa pale. Niliiandika hivi:

=VLOOKUP(B2,Miamala!A:D,4,FALSE)

Hiyo FALSE ya mwisho ni muhimu sana. Inamwambia kijana asilete kitu "kinachokaribiana". Namba ifanane sawasawa, ama arudi mikono mitupu. Nikaiburuta fomula kushuka mistari yote 63. Mistari 52 ikajaa pesa. Mistari 11 ikaandika #N/A.

N/A ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba thamani haipatikani. Kijana amekwenda, ametafuta, hakuona. Lakini ukikutana nayo saa moja usiku, huku baba mdogo anakuandikia "Nataka orodha kabla ya saa mbili, watu waone, wenye deni waamke", haionekani kama taarifa. Inaonekana kama tusi. Na inaambukiza: chini kabisa, pale nilipoweka SUM ili nipate jumla, nako kulikuwa na #N/A. Kisanduku kimoja chenye kosa kinatosha kuchafua jumla nzima, kwa sababu mashine inakataa kujumlisha kitu isichokijua.

Dawa yake niliijua. Nilifundishwa nikiwa mwandishi mchanga na mwenzangu wa habari za biashara, kwa namna ileile ambayo dereva anamwonyesha mwenzake kichochoro cha kukwepa foleni. Unaifunika fomula yako na IFERROR:

=IFERROR(VLOOKUP(B2,Miamala!A:D,4,FALSE),0)

Yaani: tafuta, na ukikutana na kosa lolote lile, andika sifuri. Kazi ya sekunde kumi. Zile #N/A zote zikayeyuka, sifuri 11 nadhifu zikakaa mahali pake, na jumla ikajitokeza: 2,860,000. Nikapaka kichwa cha jedwali kijani, nikapiga picha ya skrini, nikaituma kwenye kundi saa mbili kasoro robo. Baba mdogo akajibu kwa vidole gumba vitatu.

Kisha binamu mmoja, wale ambao hawakosekani kwenye kila kundi, akaandika: "Eh! Kumbe na watoto wa tumboni wanatoa yai?" akaongeza na nyuso tano za kucheka. Watu wawili wakacheka naye. Dakika chache baadaye kundi likaandika lenyewe, kwa yale maandishi madogo ya katikati, kwamba mtoto wa shangazi ametoka. Shangazi mwenyewe anatumia kitochi, hayumo kwenye WhatsApp. Mwanawe ndiye aliyemwonyesha picha, na kwa simu ya mwanawe ndiyo alinitumia zile sekunde 19.

Nikampigia kwenye kitochi chake. Imezimwa. Nikampigia mwanawe. Ikaita mpaka ikakatika. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kufungua tena laptopu.

Nikaifuta IFERROR. Zile #N/A 11 zikarudi, na safari hii sikuziona kama uchafu. Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: nikajumlisha taarifa ya miamala peke yake, bila kuihusisha na orodha ya majina. Ikaleta 3,355,000. Yaani kwenye simu ya baba mdogo kulikuwa na shilingi 495,000 zaidi ya zilizokuwa kwenye jedwali langu. Pesa ilikuwa imefika, ila jedwali langu halikumjua aliyeileta. Mwandishi wa takwimu wa miaka minane, nikashindwa kulinganisha jumla mbili.

Nikaanza na mstari mmoja mmoja. Minne ilikuwa na namba zinazofanana kabisa kwa macho katika faili zote mbili, lakini faili moja ilizihifadhi kama tarakimu na nyingine kama maandishi. Kwa Excel hivyo ni vitu viwili tofauti, hata kama wewe na mimi tunaona namba ileile. Kila aliyewahi kuandika namba ya simu kwenye lahajedwali anajua jinsi sifuri ya mbele inavyomezwa. Hili ni tawi la ugonjwa uleule. Mistari mitatu ilikuwa na namba zilizonakiliwa kutoka WhatsApp zikaja na nafasi ndani yake, nyingine mwishoni kabisa, isiyoonekana. Kuna fomula ya kupangusa nafasi, TRIM, lakini kuna aina ya nafasi inayotoka kwenye kurasa za mtandao ambayo TRIM haiigusi. Inabidi uitaje kwa namba yake, CHAR(160), na kuiondoa kwa SUBSTITUTE.

Hiyo ni saba. Mistari miwili mingine haikuwa na tatizo la kompyuta kabisa. Binamu mmoja alitumia simu ya mkewe. Na wa pili alikuwa Shangazi. Kwenye miamala ya siku ya pili kabisa, kabla hata sisi wa Dar es Salaam hatujaanza kuahidi, kulikuwa na shilingi 60,000 zenye jina la duka la wakala mmoja wa Muheza. Alikuwa amempa wakala fedha taslimu, wakala akazituma moja kwa moja kwenye namba ya baba mdogo. Namba ya Shangazi haikuwepo popote kwenye taarifa ile. Kijana wangu wa ghalani alisema kweli: sikuiona. Mimi ndiye niliyetafsiri "sikuiona" kuwa "hakutoa".

Iliyobaki miwili ilikuwa ya watu ambao hawakuwa wametoa kitu. Au ndivyo nilivyoamini usiku ule.

Nimekuwa nikiwaza jinsi lugha yetu isingeniruhusu kufanya kosa lile kirahisi namna hiyo. Kama ningelazimika kuandika sentensi kamili mbele ya jina la Shangazi, ningelazimika kuchagua. Hakutoa. Hajatoa. Hatujaona alichotoa. La kwanza linafunga mlango. La pili linauacha wazi, ndiyo maana tunapenda kuliongezea "bado". La tatu halimsemi Shangazi hata kidogo. Linatusema sisi tunaotafuta. Mtoto wa miaka minne anazijua tofauti hizi. Ukimuuliza kama amekula, hatakuchanganyia "sikula" na "sijala". Lakini sifuri inayameza yote matatu, na ikiingia kwenye kisanduku hakuna anayeweza kujua ilitokana na lipi.

Walioanzisha mambo haya walilijua hilo mapema. Lahajedwali ya kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo ni VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyotoka mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya kitochi cha Shangazi, kila herufi ilikuwa na gharama. Hata hivyo, VisiCalc ilikuwa na namna ya kuandika NA kwenye kisanduku, mbali kabisa na sifuri na mbali na kosa la kawaida. Tangu siku za mwanzo ilionekana kwamba mtu wa mahesabu anahitaji njia ya kusema "hiki bado sikijui", na kwamba kutojua huko kusafiri na hesabu mpaka mwisho. Ile tabia ya #N/A kuchafua jumla, iliyoniudhi, imewekwa makusudi. Inamaanisha: usitangaze jumla wakati hujui vipande vyake.

IFERROR ilikuja baadaye sana, na Excel 2007. Kabla yake ilibidi uandike fomula ndefu, uirudie VLOOKUP mara mbili ndani ya IF na ISNA, na nadhani urefu ule ulimpa mtu muda wa kujiuliza anachofanya. IFERROR ikafupisha. Ubaya wake ni kwamba haichagui. Inafunika #N/A, sawa, lakini inafunika pia #REF!, ambayo maana yake fomula yako inarejelea kisanduku kilichofutwa, inafunika #DIV/0!, kwamba umegawanya kwa sifuri, inafunika #NAME?, kwamba umekosea kuandika jina la fomula yenyewe. Unaweza kuwa umevunja faili lote, na bado sifuri zikapangika vizuri kama viti vya harusi.

Na makosa yasiyopiga kelele ndiyo yanayoumiza. Mwaka 2020 huko Uingereza, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kesi 15,841 za Covid-19 ziliachwa nje ya takwimu za kila siku. Matokeo ya vipimo yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili likijaa, waliobaki hawaingii. Hakuna #N/A iliyotokea, hakuna alama nyekundu. Takwimu zilitangazwa jioni kama kawaida, huku waliokaa karibu na wagonjwa wale wakiendelea na shughuli zao bila kupigiwa simu kwa wakati. Nilisoma habari ile enzi hizo nikatikisa kichwa, nikasema, "Wazungu nao!" Sikujua kwamba yangu inakuja.

Kwa sababu, ukweli ni kwamba ya Shangazi haikuwa ya kwanza. Usiku ule, baada ya kutuma orodha mpya yenye maelezo na kuomba radhi kwenye kundi, sikulala. Nilifungua kabrasha la kazi zangu za nyuma nikaanza kutafuta neno IFERROR. Likaonekana kwenye faili 14. Nyingi hazikuwa na madhara. Moja ilikuwa na madhara. Ilikuwa habari ya walimu wa hisabati katika shule za sekondari za wilaya fulani, ambapo niliandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba shule saba hazina hata mwalimu mmoja wa somo hilo. Nikaitoa fomula kwenye koti lake. Shule mbili zilikuwa na sifuri halisi, imeandikwa kwenye faili la wilaya. Tano zilikuwa #N/A. Fomu zao hazikuwa zimefika.

Nilikaa nikizitazama zile tano mpaka adhana ya alfajiri. Kuna walimu kwenye shule zile, labda wawili, labda sita, wanaoamka gizani wakashike chaki, na gazeti lilisema hawapo. Labda kuna mzazi alisoma akamhamisha mwanawe. Sijui, na hapo hakuna fomula ya kunisaidia.

Asubuhi nilikwenda kwa mhariri. Sitasema alifurahi. Aliniuliza kama kuna mtu amelalamika, nikasema hapana, akanyamaza kidogo, kisha akasema tuandike masahihisho. Yalitoka ukurasa wa ndani, mistari minne, maandishi madogo. Habari yenyewe ilikuwa imetoka ukurasa wa kwanza. Ndivyo ilivyo: sifuri inatoka na kichwa cha habari, "samahani, hatukujua" inatoka karibu na matangazo ya viwanja.

Tangu siku hizo nimebadilisha mazoea, na kwa kuwa najua baadhi yenu ni wahazini wa vikoba, harusi na misiba, nitayasema.

Kwanza, situmii IFERROR kufunika utafutaji. Natumia IFNA, iliyoletwa na Excel 2013 na ipo hata kwenye lahajedwali za Google. Yenyewe inashika #N/A peke yake. Makosa mengine inayaacha yalie. Na ndani yake siweki sifuri, naweka maneno:

=IFNA(VLOOKUP(B2,Miamala!A:D,4,FALSE),"hatujaona")

SUM ikipita juu ya safu hiyo inayaruka maneno na kujumlisha pesa tu. Wastani nao unabaki salama. Kwenye lile jedwali langu la kwanza, wastani wa watu 52 ulikuwa 55,000; nilipowaingiza wale 11 kwa sifuri ukashuka hadi 45,000 na ushee, na ukoo ukaonekana bahili kuliko ulivyo. Kisha nahesabu "hatujaona" ni ngapi kwa COUNTIF, na idadi hiyo naiweka juu kabisa ya jedwali, kabla ya jumla, ili anayesoma ajue kabla hajaanza kutoa hukumu.

Pili, najihadhari na SUMIF, ambayo wengi huipenda kwa sababu mtu akichanga mara mbili inamjumlishia zote. Ni kweli, na ni nzuri. Ila isipomkuta mtu inaandika sifuri yenyewe, kimya kimya, bila kukupa hata nafasi ya kuudhika.

Tatu, nalinganisha jumla mbili. Pesa iliyopo mkononi na pesa iliyopo kwenye jedwali. Zisipolingana, kuna mtu nimemwonea.

Wiki mbili baada ya upasuaji nilipanda basi kwenda Muheza. Bibi alikuwa anaendelea vizuri, anafanyishwa mazoezi ya kusimama. Shangazi nilimkuta barabarani kwenye biashara yake, machungwa yamepangwa mafungu mafungu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote, wakala, namba, miamala. Nikaanza. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikafika kwenye neno fomula, akaninyanyulia mkono.

"Namba yangu unayo?"

"Ninayo, Shangazi."

"Ungenipigia."

Akageuka kumhudumia mteja. Nilihisi masikio yanawaka. Katika maelezo yangu yote, ya tarakimu na maandishi, ya nafasi zisizoonekana, hilo halikuwemo.

Mteja alipoondoka akafungua fundo la khanga, akatoa noti moja nyekundu ya 10,000 iliyokunjwa mara nne. Akanisimulia. Asubuhi ile baada ya orodha yangu, baba mdogo alikwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Bibi akataka asomewe nani na nani wamemchangia, ili awaombee dua kwa majina. Baba mdogo akafungua simu akasoma picha ya kwanza, ile ya kijani, kwa kuwa hakuwa ameshuka chini kuiona ya pili. Alipofika kwa Shangazi akasita. Bibi akamwambia soma. Akasoma.

Bibi hakukasirika, wala hakulia. Alisema: "Basi hana. Huyo akiwa nacho hawezi kunyamaza." Akatoa noti chini ya mto, pesa aliyopewa na mgeni ya kununulia maziwa, akaagiza apelekewe binti yake Muheza, maana bila shaka mambo yamemkalia vibaya.

"Nilipopewa nikacheka," Shangazi alisema. "Halafu nikalia. Halafu nikacheka tena. Mimi nimetuma sitini, mama mgonjwa ananirudishia kumi." Akaikunja tena noti. Hakuwa na mpango wa kuitumia.

Bibi hajui kusoma. Alisomewa sifuri ileile ambayo watu 63 waliiona. Binamu yangu aliisoma kama aibu. Baba mdogo aliisoma kama deni. Mimi niliisoma kama usafi. Yeye peke yake aliisikia akajiuliza kuna nini upande wa pili.

Wakati naaga, Shangazi alinifungia machungwa kwenye mfuko, mengi kuliko ninavyoweza kubeba, akaniuliza kama jambo dogo tu: "Na hao wengine wawili? Umewapigia?"

Sikuwa nimewapigia. Katika uchunguzi wangu wote niliwaacha wale wawili kwenye kundi la wasiotoa, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka na hawakuwa shangazi zangu.

Niliwapigia nikiwa kwenye basi, tukipita Segera. Wa kwanza, mjomba wa upande wa mke wa baba mdogo, alishangaa. Alisema alimpa baba mdogo 30,000 mkononi, stendi, siku ya kwanza. Nikampigia baba mdogo. "Aah! Kweli bwana," akasema. "Ile niliilipia teksi ya mama."

Wa pili ni binamu yangu wa Mwanza. Simu iliita muda mrefu. Alipopokea nikamsalimia, nikamuuliza watoto, kisha nikamuuliza kama kuna mchango aliutuma kwa njia nyingine, labda kwa jina la mtu, kwa sababu huku hatujauona. Akakaa kimya, nikawa nasikia watoto wanacheza nyuma yake.

"Hapana, dada," alisema. "Sijatuma. Kazi iliisha toka mwezi wa tatu. Niliona ile orodha nikashukuru kwamba mnacheka na mtu mwingine."

Nikamwambia naweza kumwandikia "hatujaona", hakuna atakayejua.

"Weka tu sifuri, dada," akasema. "Ndiyo ukweli wenyewe. Angalau umeuliza."